Nimeng'oa giaboksi ya otomatiki. Sijutii, ila kwa jambo moja

Leo hakuna habari za seva wala hifadhidata. Leo ni gari.

Kila anayepanda gari langu hapa Kibomet siku hizi anaona kitu kile kile. Mahali palipokuwa na mkono wa P, R, N na D sasa pana kijiti cha gia, na chini kuna pedali tatu badala ya mbili. Vijana huuliza, "Sasa inaenda kasi gani?" Watu wazima huuliza, "Ilikula pesa ngapi?" Nitayajibu yote mawili. Lakini kuna swali la tatu ambalo nilipaswa kujiuliza mimi mwenyewe kabla ya kushika spana, nalo ni: nani mwingine analiendesha gari hili?

Msimamo wangu niuseme mapema, ili asiye na muda aende zake. Kubadilisha gari la zamani kutoka otomatiki kwenda gia za mkono ni kazi yenye maana ikiwa mambo matatu yapo: giaboksi ya otomatiki imeshakufa, unakusudia kukaa na gari hilo miaka mingi, na wote wanaolitumia wamekubali. Mimi nilikuwa na mawili ya kwanza. La tatu sikuuliza.

Ilivyokufa

Gari lenyewe ni Subaru Impreza WRX ya mwaka 2003, injini ya lita 2 yenye turbo. Iliingia Kenya 2010 ikiwa na umri wa miaka saba, kwa sababu kanuni zetu haziruhusu kuingiza gari la mtumba lililozidi miaka minane. Fikiria maana yake. Impreza za umri huo zilizopo nchini ndizo hizo hizo, hakuna nyingine inayokuja. Moja ikifa, imepungua moja. Kwangu hiyo ilikuwa sababu ya kwanza ya kutotaka kuliuza vipande vipande.

Kama magari mengi yatokayo Japani, lilikuja na otomatiki, ya gia nne. Sasa, kwenye Subaru za otomatiki za wakati ule kuna mafuta ya aina tatu yanayokaa jirani chini ya gari: ya injini, ya giaboksi, na ya difu ya mbele. Kila moja ina tundu lake la kumwagia na kijiti chake cha kupimia. Asiyezijua anaweza kumwaga ya giaboksi akidhani anamwaga ya injini, kisha akaongeza mafuta mapya ya injini juu ya yale yaliyokuwamo. Ndivyo nilivyofanyiwa kwenye gereji moja ambayo siitaji. Mwenyewe aliomba msamaha, na mimi ndiye niliyesimama pale nikisoma simu badala ya kuangalia.

Nilitoka pale nikashika barabara ya Kapenguria. Kabla ya kufika Makutano injini ikaanza kupanda na mwendo haupandi. Nikakanyaga zaidi (kosa la pili). Niliposimama, yale mafuta mekundu machache yaliyobaki yalikuwa ya kahawia, yananuka kama mandazi yaliyosahauliwa kwenye karai.

Nikabaki na njia tatu. Kununua otomatiki nyingine ya mtumba na kuifunga. Kuliuza gari kama vipuri. Au kuhamia gia za mkono. Njia ya kwanza ndiyo ya bei nafuu, na kila mtu mwenye akili alinishauri hivyo.

Kisanduku kisichofunguliwa

Sina chuki na otomatiki. Kwa mtu wa programu, ile ni kazi ya kupendeza. Kuna konvata, ambamo upande wa injini unasukuma mafuta na mafuta yanazungusha upande wa giaboksi, bila chuma kushikana na chuma. Kuna gia za sayari. Kuna klachi ndogo ndogo zilizolala ndani ya mafuta. Kuna bamba la chuma lenye vijia vingi kama mitaro ya shamba, na shinikizo la mafuta linalopita humo ndilo linaloamua klachi ipi ishike na ipi iachie. Watu wa Hydra-Matic, otomatiki ya General Motors iliyouzwa kwenye Oldsmobile za mwaka 1940, walifanya maamuzi hayo yote kwa mafuta na vali tu, bila kompyuta. Ni programu iliyoandikwa kwa mafuta. Kwenye gari langu kompyuta ndiyo iliyokuwa ikizifungua na kuzifunga hizo vali.

Shida ni hapa nilipo. Otomatiki ikiharibika hapa, haifunguliwi. Inatolewa nzima na kuwekwa nyingine nzima, iliyotoka kwenye gari usilolijua, iliyoendeshwa na mtu usiyemjua, iliyobadilishwa mafuta (au haikubadilishwa) na fundi kama yule wangu. Unafunga, unasali, unaendesha. Ikikubali vizuri. Isipokubali, muuzaji anakuambia uliifunga vibaya, na hakuna atakayeifungua mwone nani mkweli.

Giaboksi ya mkono ni hadithi nyingine. Shafti, gia, sinkro, beringi, na fimbo za kuchagulia. Fundi wangu ni mzee aliyeanza na matrekta ya mashamba ya Trans Nzoia, kisha pikapu za Datsun, na hana shahada ya kitu chochote. Aliifungua ile niliyoleta, akaipanga mezani juu ya gunia, akapitisha kidole gia moja baada ya nyingine.

"Kijana, hii sinkro ya gia ya tatu imelika kidogo. Unaona meno? Lakini itakutumikia."

"Na ikilika kabisa, mzee?"

"Utaniletea. Hii hata usiku na koroboi naifunga."

Nilijua pale pale kwamba uamuzi umeshafanyika.

Wasomaji wa zamani wanajua mimi ni mtu wa programu huria. Nilikuwa mmoja wa waliofurahi Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa OpenOffice kwa Kiswahili, ile iliyoitwa Jambo. Watu wengi walidhani uzuri wake ni kutolipia. Kwangu uzuri ulikuwa kwamba kitu kikikukwaza, unaweza kukifungua na kukirekebisha hapa hapa, bila kumwomba mtu aliye mbali. Ile giaboksi mezani juu ya gunia ilinipa hisia hiyo hiyo.

Ila niwe mkweli, kwa sababu najua nitakayeambiwa. Hakuna sheria inayomkataza fundi kufungua otomatiki. Wapo nchini wanaozifungua na kuzitengeneza vizuri kabisa. Kinachoifanya iwe kisanduku kilichofungwa ni ujuzi ambao haujafika mtaani kwetu, vifaa, na vipuri vya ndani visivyopatikana kirahisi. Ungekuwa na fundi wa namna hiyo jirani yako, nusu ya hoja yangu ingekufa. Mimi sikuwa naye.

Giaboksi ndiyo sehemu rahisi

Hapa ndipo nilipojifunza kitu ambacho nilipaswa kukijua kutokana na kazi yangu. Ukiondoa sehemu moja kwenye mfumo wa zamani, kilicho kigumu si hiyo sehemu. Kigumu ni vyote vilivyokuwa vikiitegemea kimya kimya.

Nilidhani ninanunua giaboksi. Orodha ya kweli ilikuwa hii:

1. Giaboksi ya gia tano.
2. Flaiwili. Otomatiki haina, ina bamba jembamba tu la kushikia konvata. Na kwenye flaiwili ya Subaru kuna beringi ndogo ya kushikia ncha ya shafti. Ukiisahau, utaishusha giaboksi tena.
3. Klachi, na hapa chunga. Giaboksi za WRX za miaka hiyo zinatumia klachi inayovutwa, wakati Impreza za kawaida zisizo na turbo zinatumia inayosukumwa. Dukani zote zinaitwa "klachi ya Impreza".
4. Pedali zote na fremu yake, masta silinda ya klachi, bomba, na silinda ndogo iliyo juu ya giaboksi.
5. Propela, kwa sababu urefu haulingani.
6. Egemeo la chini linaloshikilia giaboksi.
7. Kijiti cha gia na vyuma vyake.
8. Difu ya nyuma.

Namba 8 ndiyo inayowaumiza watu, kwa hiyo nitaieleza polepole. Impreza inasukumwa na magurudumu yote manne. Difu ya mbele imo ndani ya giaboksi yenyewe, ya nyuma iko peke yake. Kila moja ina uwiano wake, yaani propela izunguke mara ngapi ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Giaboksi za otomatiki na za mkono mara nyingi zina uwiano tofauti. Ukiweka giaboksi yenye 3.9 ukaacha difu ya nyuma yenye 4.11, magurudumu ya mbele na ya nyuma yatataka kwenda kwa kasi mbili tofauti juu ya barabara moja. Tofauti hiyo lazima ipite mahali. Itapita kwenye difu ya katikati, ambayo itachemka, na itakufa. Gari litatembea vizuri siku za kwanza, na hapo ndipo mtego ulipo.

Mtego wa pili ni kwamba namba zinazotofautiana huenda zikawa sawa. Zipo giaboksi za WRX zenye 3.9 mbele ambazo zinataka difu ya 3.545 nyuma. Ukiona hivyo unaweza kudhani muuzaji anakuibia. Kumbe ndani ya giaboksi hiyo, njia ya kwenda nyuma inapunguzwa tena kwa 1.1, na 3.545 ukizidisha kwa 1.1 unapata 3.9. Ni kama mashine mbili zinazoongea: usiangalie namba ya toleo upande mmoja tu, angalia kama zinaelewana.

Njia ya kupima difu ya nyuma ni ya kijijini kabisa. Inua gari nyuma, weka alama ya chaki kwenye propela, zungusha magurudumu yote mawili ya nyuma kwa pamoja mzunguko mmoja, mwenzako ahesabu propela. Ikizunguka mara nne na chembe, unajua uko wapi. Ya giaboksi soma namba yake ya utambulisho kabla hujatoa pesa.

Ushauri wangu hapa ni mmoja: usinunue vipande. Nunua kila kitu kutoka kwenye gari moja la kuchinjwa, giaboksi, difu, propela, pedali, mpaka bolti, na kompyuta ya injini. Nilipata WRX ya gia za mkono iliyokuwa imegongwa mbele, Eldoret, nikavibeba vyote kwenye pikapu siku moja. Bila hivyo mpaka leo ningekuwa natafuta bomba la klachi.

Waya mmoja

Vyuma vilichukua siku tisa. Umeme ulichukua wiki nne, na huo ndio niliojigamba kwamba ni kazi yangu.

Gari la otomatiki haliwashwi mkono ukiwa kwenye D. Kuna swichi kwenye giaboksi inayoruhusu stata kupata umeme kwenye P na N tu. Ukiitoa giaboksi, swichi imeondoka nayo, na gari haliwaki kabisa. Taa za rivasi nazo zilitegemea swichi hiyo hiyo. Kompyuta ya gia, ikiachwa bila giaboksi, inalalamika. Na kompyuta ya injini ina waya mmoja ambao kazi yake yote ni kuiambia kama gari ni otomatiki au la. Waya mmoja, ndiyo au hapana. Tulipoanza tukiwa na kompyuta ya zamani, injini ilikuwa ikishuka vibaya kila nilipokanyaga klachi, kama inayosubiri mzigo ambao hautakuja tena. Nilipofunga kompyuta ya gari lile la kuchinjwa na waya huo ukawa upande wake sahihi, ikatulia.

Lakini ile ya stata ndiyo ninayotaka uikumbuke.

Fundi wa umeme alifanya wanalofanya wengi: aliunganisha nyaya mbili za ile swichi moja kwa moja. Gari likawaka, tukapiga makofi, tukaenda kunywa chai. Jumapili iliyofuata mpwa wangu alikuwa akiosha gari mbele ya nyumba, akataka kusikiliza redio. Akaingiza mkono dirishani akazungusha ufunguo mpaka mwisho. Gari lilikuwa kwenye gia ya kwanza, kwa sababu mimi ndivyo ninavyoliegesha. Liliruka mbele likaingia kwenye ua wa michongoma. Taa moja ilipasuka. Dakika chache kabla ya hapo binti yangu alikuwa amesimama pale pale na ndoo ya maji.

Nilikaa kwenye ngazi nikaona nilichofanya. Ile swichi haikuwa usumbufu. Ilikuwa ukaguzi wa usalama, na mimi niliufuta badala ya kuuhamisha. Ningemwona kijana kazini anafanya hivyo kwenye programu ya benki, nisingemwacha alale.

Dawa yake ni swichi ndogo kwenye pedali ya klachi, iunganishwe kwenye njia ya stata, ili gari lisiwake mpaka klachi ikanyagwe. Swichi yenyewe ilikuwa tayari kwenye zile pedali nilizonunua. Ilikuwa imening'inia pale wiki nzima bila waya. Kama unafanya kazi hii, au umenunua gari ambalo mtu mwingine alilibadilisha, fanya jaribio hili leo: mahali pa wazi, gari likiwa kwenye nyutro na breki ya mkono imevutwa, usikanyage klachi, zungusha ufunguo. Likiwaka, una kazi ya kufanya.

Pesa

Haya, wale wa pesa. Hizi ni zangu, za fundi wako zitakuwa nyingine.

Vitu vyote kutoka gari la kuchinjwa: shilingi 95,000. Klachi mpya (usifunge ya zamani wakati giaboksi iko chini, tafadhali): 22,000. Kusawazisha uso wa flaiwili: 2,500. Mafuta: 7,500. Fundi wa vyuma: 30,000. Fundi wa umeme: 8,000. Vikolokolo, usafiri na ile taa: 6,000. Jumla 171,000. Nilikuwa nimepanga 110,000 na wiki mbili. Zilikuwa wiki saba.

Otomatiki ya mtumba, ikiwa imefungwa tayari, niliambiwa 65,000. Kwa hiyo usidanganywe kwamba unahamia gia za mkono ili kuokoa pesa. Huokoi. Unalipa zaidi leo ili kesho ikiharibika uwe na mtu wa kukutengenezea. Ukikusudia kuliuza gari mwaka ujao, hiyo kesho ni ya mtu mwingine na umemlipia wewe. Na kama hujanunua gari bado, na unataka gia za mkono, subiri, tafuta lililotoka kiwandani nazo. Litakuwa ghali kidogo na bado litakuwa rahisi kuliko hivi.

Kwenye kitabu cha gari kuna namba ya injini na ya chesisi, na hizo hazikuguswa. Bima nayo niliiandikia barua, maana siku ya ajali si siku nzuri ya kuanza kueleza.

Kasi

Sisi watu wa nchi hii tuna ugonjwa wa Safari Rally, na sijitoi. Datsun 240Z ilishinda 1971 na 1973, Colin McRae akashinda na Impreza 1997, na tangu mashindano ya dunia yaliporudi nchini 2021 kila kijana mwenye Subaru anajiona Naivasha. Kwa hiyo wanaponiuliza kasi wanategemea jibu kubwa.

Jibu ni kwamba sijapima, na barabara ya kwetu hainiruhusu kupima. Gari ni lile lile, injini ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba naamua mimi. Nikishuka milima ya Kamatira nikitoka Kapenguria kwenda Chepareria, naweka gia ya pili na injini inashikilia gari, breki zinabaki baridi. (Otomatiki nayo ina 2 na 1 kwenye mkono wake, lakini wengi hawajawahi kuzigusa, na mimi nilikuwa mmoja wao.) Betri ikifa naweza kusukumwa. Mafuta ya giaboksi na ya difu ya mbele sasa ni yale yale mamoja, kwa hiyo gereji imepungukiwa na nafasi moja ya kukosea. Hivyo ndivyo vitu nilivyopata. Na moja zaidi: giaboksi hii ya gia tano haipendi kurushwa kutoka kwenye taa kama unakimbizwa. Ukitaka hivyo, tafuta gari jingine.

Pedali tatu, miguu miwili

Sasa lile la tatu.

Mama anaishi Bungoma. Kila mwezi huja Kitale kliniki, kwa sababu ya goti lake la kushoto, na akiwa hapa gari lilikuwa lake. Asubuhi naingia kazini kwenye chumba changu, yeye anachukua ufunguo, anaenda hospitali, anaenda sokoni, anapita kwa dada yake Kiminini, anarudi jioni na habari za ukoo mzima. Mama alijifunza gari zamani, kwenye pikapu ya gia za mkono, na anaendesha vizuri kuliko mimi. Lakini kwa goti hilo, otomatiki ndiyo iliyokuwa imemrudishia barabara.

Nilikuwa nimemwambia gari lina shida ya giaboksi na linatengenezwa. Sikumwambia linatengenezwa kuwa nini. Siyo kwamba nilificha, sikuwaza tu. Wiki saba nilifikiria uwiano, nyaya, beringi na bolti, na sikuwaza mara moja juu ya nani anakaa kwenye kiti kile.

Alipokuja akafungua mlango, akaangalia chini, akanyamaza. Kisha akasema, "Mwanangu, pedali tatu, miguu miwili, na mmoja mgonjwa. Hesabu hiyo uliipiga vipi?"

Nikaanza kueleza habari ya otomatiki kutofunguliwa mtaani. Akanisikiliza mpaka mwisho, kama anavyofanya, kisha akasema, "Sawa. Umepata gari ambalo fundi anaweza kulitengeneza. Mimi nilikuwa na gari ambalo naweza kuliendesha." Akaniuliza nambari ya mtu wa teksi.

Mke wangu yeye alijifunza. Leseni yake ni ya zamani lakini alikuwa amezoea otomatiki tu, tukatumia Jumapili nne kwenye kiwanja cha shule, akazima injini mara nyingi, akanikasirikia mara nyingi zaidi, na sasa anapanda mlima bila kurudi nyuma hata inchi. Kwa hiyo mtu akiniambia, "Watumiaji watazoea," namjibu, wengine ndiyo. Wengine mwili haukubali, na hakuna Jumapili za kutosha.

Katika kazi yetu hili ni kosa la kila siku. Mtengenezaji anabadilisha mfumo ili uwe rahisi kwake kuutunza, anauita umeboreshwa, na anayefungiwa nje ni yule ambaye hakuwa kwenye kikao. Nimewakemea watu kwa hilo. Nimeandika hapa hapa kuhusu hilo. Kisha nikalifanya kwa mama yangu mwenyewe kwa spana.

Kwa hiyo

Ningelirudia? Nimejiuliza mara nyingi. Kama ningemuuliza Mama kwanza, nadhani tungekaa chini, tukapiga hesabu ya ile 171,000, na tukaona kwamba ingetosha otomatiki ya mtumba na kitu kizuri kikabaki cha kumlipa fundi anayezijua kweli, hata kama yuko mbali. Au angesema, "Badilisha, nitapanda teksi." Angesema hivyo kwa hiari yake, na hilo lingekuwa jambo tofauti kabisa.

Ninapenda gari langu lilivyo sasa. Nikisikia gia ya tatu inakataa kidogo asubuhi za baridi, najua ni ile sinkro, nimeiona kwa macho, na najua mzee atakayeibadilisha na meza atakayoiweka. Hakuna kifaa kingine nyumbani kwangu, hata kompyuta hii ninayoandikia, ninachokijua hivyo.

Na kila mwezi, siku ya kliniki, nafunga kazi saa tatu asubuhi na kumwendesha Mama mimi mwenyewe. Hospitali, soko, Kiminini, nyumbani. Anakaa kiti cha kushoto, goti amelinyoosha, na ananirekebisha kila nikichelewa kubadilisha gia. Mara nyingi yuko sahihi.